Hereni mmewavisha, kupe mmemwachia nani?

KATIKA mwili mzima wa ng'ombe hakuna kiungo kinachogombewa kama sikio. Kupe wa kahawia, mleta ndigana kali, akidandia ng'ombe kutoka kwenye majani safari yake huwa ni ya sikioni, kwenye ngozi laini yenye damu ya karibu. Anajibanza huko na kuanza kunyonya. Serikali nayo miaka ya karibuni imelipenda sikio hilo hilo. Imelitoboa na kutundika hereni yenye namba.

Mwaka 2022 wafugaji walitakiwa kulipa shilingi 1,750 kwa hereni ya ng'ombe mmoja. Malalamiko yakafika mpaka bungeni, zoezi likasimamishwa. Juni 2025 hereni zikarudi kwa mlango mwingine. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kule Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, kampeni ya miaka mitano yenye shilingi bilioni 216. Ng'ombe anachanjwa homa ya mapafu, mbuzi na kondoo sotoka, kuku kideri. Kwa ng'ombe mfugaji anachangia shilingi 500 na Serikali inabeba nusu nyingine. Kuku wanachanjwa bure.

Mimi si mtu wa kubeza kila kinachofanywa na wakubwa. Homa ya mapafu ni ugonjwa mbaya, sotoka inamaliza mbuzi wa walalahoi, na kuku wa mama zetu walikuwa wanakufa banda zima kwa wiki moja bila mtu wa kuwasemea. Kampeni hiyo ina maana. Lakini hebu isome tena orodha ya magonjwa hayo, ndugu msomaji, halafu utafute ndani yake jina la ndigana kali. Hulioni. Ugonjwa unaoingilia sikioni umerukwa, na sikio lenyewe limetundikwa hereni.

Sasa tuulizane. Mkono wa Serikali ulipofika kwenye sikio la ng'ombe na kumkuta kupe ameketi pale kama mwenye nyumba, ulimwonaje ukamwacha?

Mtu asiseme kwamba ndigana kali ni ugonjwa mdogo. Mwaka 2006 mtaalamu wetu wa mifugo, Kivaria, alichapisha makadirio kwamba magonjwa yaletwayo na kupe yanaitia Tanzania hasara ya dola za Marekani milioni 364 kwa mwaka, na kwamba ndani ya hasara hiyo wamo ng'ombe milioni 1.3 wanaokufa. Katika hasara yote hiyo, ndigana kali peke yake ilibeba asilimia 68. Gawanya hao milioni 1.3 kwa siku za mwaka, utapata ng'ombe wapatao 3,500 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Wangekuwa wanakufa kwa kugongwa na treni, Waziri angekuwa amejiuzulu zamani. Au tuseme angekuwa ameunda tume.

Hapa Mpitimbi, kusini mwa mji wa Songea kwenye njia ya kwendea Muhukuru na mpaka wa Msumbiji, sisi ni watu wa mahindi. Babu zetu Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiswaga ng'ombe, lakini leo Mngoni mwenye ng'ombe watano majirani wanamwita tajiri. Mfugaji wa huku kwetu ana ng'ombe mmoja au wawili, mara nyingi ni chotara wa maziwa amefungwa bandani nyuma ya jiko, analetewa majani kichwani. Ng'ombe huyo ndiye benki. Maziwa yanalipa daftari na sare za shule, samadi inakwenda kwenye bustani, na ndama ndiye akiba ya siku ya msiba.

Na huyo chotara ndiye kupe anayemtafuta. Ng'ombe wa kienyeji aliyezaliwa kwenye kupe anaumwa akiwa ndama. Wengi wanakufa, lakini anayepona anakuwa sugu. Ng'ombe mwenye damu ya Ulaya hana kinga hiyo. Mtu anauza magunia ya mahindi ya msimu mzima, ananunua mtamba kwa zaidi ya shilingi milioni moja, anamleta nyumbani kwa shangwe, watoto wanampa jina, halafu kupe wachache tu wanamrudisha kwenye umaskini ndani ya wiki tatu.

Ugonjwa wenyewe una mwendo wake, na kila mwenye ng'ombe anapaswa kuujua kama anavyojua njia ya kisimani. Kupe mwenye vimelea akishakamata, haambukizi dakika ile ile. Vimelea vinahitaji siku tatu hadi nne za kunyonya ndipo vikomae kwenye mate yake na kuingia kwa ng'ombe. Hapo ndipo ulipo ujanja wote wa josho: ukimwogesha ng'ombe kila wiki kwa dawa iliyochanganywa sawasawa, kupe wengi wanakufa kabla hawajamaliza kazi yao. Akishaambukizwa, siku nane mpaka kumi na tano hivi baadaye tezi lililo chini ya sikio linavimba, halafu lile la mbele ya bega. Homa inapanda nyuzi 40, 41, na zaidi. Anaacha kula, machozi yanamtoka, anahema kwa shida, anakohoa. Ukishaona povu puani, ujue mapafu yamejaa maji na muda umekwisha. Vimelea hivi vinaingia kwenye chembe nyeupe za damu, zile zile zilizowekwa na Mungu kulinda mwili, na kuzifanya ziongezeke ovyo kama saratani. Askari wa mwili wanageuzwa kuwa majambazi.

Dawa ipo. Inaitwa buparvakwoni, na inaponyesha ikiwahi. Nimesema ikiwahi. Sasa sikiliza mambo yanavyokwenda vijijini. Mama mmoja wa hapa kwetu, mtu wa makamo, alikwenda kwenye duka la dawa za mifugo nami nikiwa pale. Muuzaji alikuwa kijana wa umri wangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ng'ombe wangu hali tangu juzi, anakohoa, na hapa chini ya sikio pamevimba kama limao."

"Pole mama. Mchome hii tetrasaiklini, kesho ataamka."

"Hakuna ile nyingine ya ndigana?"

"Ile ni ghali mama, na leo hatuna. Anza na hii."

Akaanza na ile. Siku ya pili akaambiwa ajaribu Berenil. Siku ya nne ng'ombe akafa. Tetrasaiklini haiponyeshi ndigana kali iliyokwisha kupanda, na Berenil ni dawa ya ndorobo na ya ule ugonjwa wa kukojoa damu, ambao nao unaletwa na kupe lakini ni mwingine kabisa. Yule mama alitoa hela mara mbili kununua dawa za magonjwa ambayo ng'ombe wake hakuwa nayo. Simlaumu sana yule kijana wa dukani. Naye ni mtoto wa mkulima anayetafuta riziki, na hakuna aliyemfundisha. Wa kulaumiwa ni utaratibu uliofanya kaunta ya duka iwe ndiyo hospitali, na muuzaji awe ndiye daktari.

Kuna jambo jingine ambalo wanaopanga mipango wakiwa maofisini hawalioni. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kupe wakubwa wa kahawia nao wanaamka na mvua hizo hizo. Maana yake kupe anapanda sikioni mwa ng'ombe wakati mwenye ng'ombe yuko shambani tangu alfajiri, anapanda, anapalilia, anaweka mbolea. Hela yote imekwenda kwenye mbolea na vibarua. Hakuna nguvu ya kumpeleka ng'ombe josho, na hakuna shilingi ya dawa ya kupulizia. Mvua ikiisha, wanatoka kupe wadogo wasioonekana vizuri kwa macho, na kiangazi wanafuata wa kati. Kila hatua kupe anateremka, anajibadilisha majanini, anapanda ng'ombe mwingine. Alichokinyonya kwa mgonjwa anakwenda kukimwaga kwa mzima. Kwa hiyo mkulima anayesema ataogesha baada ya mavuno amekwisha chelewa, lakini nani amemwambia?

Kwenye mbolea Serikali imekuja. Tangu Agosti 2022 kuna mbolea ya ruzuku, na pamoja na kasoro zake na foleni zake, wakulima wa Ruvuma wameipata. Sasa kama mahindi yamepewa ruzuku kwa sababu yanalisha taifa, ng'ombe anayemlisha mkulima wa mahindi hayo amekosa nini?

Nirudi nyuma kidogo, kwa sababu ugonjwa huu si mgeni aliyekuja jana. Mwaka 1897 Mjerumani Robert Koch, yule yule aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu, alifika Dar es Salaam na kuchunguza magonjwa ya ng'ombe wa koloni lao. Aliviona vimelea hivi vidogo kwenye damu ya ng'ombe wa pwani yetu, akadhani ni sehemu ya ugonjwa wa kukojoa damu. Miaka michache baadaye, 1901 na 1902, ng'ombe kutoka Afrika Mashariki walisafirishwa kwa meli mpaka Beira na kuingizwa Rhodesia, ambako mifugo ilikuwa imemalizwa na sotoka. Wakafika na kupe wao. Ndigana kali ikasambaa kusini kama moto wa nyasi, mpaka Afrika Kusini. Ndiyo maana Wazungu waliuita ugonjwa huu homa ya Pwani ya Mashariki. Kwa maneno mengine unaitwa kwa jina la kwetu.

Afrika Kusini waliupiga vita nusu karne. Waliogesha, waliweka uzio, walichinja, na kufikia katikati ya miaka ya 1950 ndigana kali ilikuwa imekwisha nchini mwao. Sisemi tuige serikali ya makaburu. Ng'ombe wa Waafrika walipigwa risasi bila huruma, na josho likawa fimbo ya kuwatawalia watu weusi. Ninachosema ni kwamba kupe si Mungu. Nchi ikiamua, anashindwa. Sisi tulioupa ugonjwa jina bado tunauzika nao ng'ombe wetu, zaidi ya miaka 120 tangu Koch aweke jicho lake kwenye darubini.

Na wala si kwamba hatukuwahi kujaribu. Baada ya Uhuru nchi hii ilichimba majosho mengi, mengine kwa misaada na mikopo ya nje, na dawa ilitolewa na Serikali. Halafu miaka ya 1980 wakaja IMF na Benki ya Dunia na masharti yao, wakubwa wetu wakatia saini. Huduma ya mifugo ikaambiwa ijitegemee. Dawa ikawa ya dukani, bwana mifugo akabaki na baiskeli mbovu, josho likawa mali ya kijiji ambacho hakikuachiwa hata senti ya kununulia dawa ya kwanza. Josho ni shimo refu la saruji lenye maji ya dawa. Likikosa dawa linakuwa kisima cha vyura, na saruji ikipasuka watu wanabeba mawe kwenda kujengea.

Mwaka 2018 Wizara ilifufuka. Chini ya Waziri Luhaga Mpina ikazinduliwa kampeni ya kitaifa ya kuogesha mifugo, na bei ikapangwa: ng'ombe shilingi 50, mbuzi na kondoo shilingi 10. Nilifurahi kusikia bei hiyo, maana hata fukara anaimudu. Tangu hapo Wizara imejenga majosho mapya sehemu mbalimbali, na tuwape haki yao. Lakini kuogesha hakufanani na kuzindua. Uzinduzi ni wa siku moja na kuogesha ni kwa kila wiki, mvua inanyesha, dawa inapungua, mtu wa kupima nguvu ya dawa awepo na daftari lake. Dawa ikichujuka kupe haogopi. Anaoga, anatoka, anazaa watoto walioizoea dawa, na mwakani hata ukiichanganya sawasawa wanakucheka. Josho lenye dawa hafifu ni shule ya kuwafundisha kupe.

Msomaji wa Mpitimbi, na wa Peramiho, na wa Namtumbo, ajiulize mwenyewe bila kusubiri takwimu za Wizara: josho lililo karibu na kwake liliogesha ng'ombe kwa mara ya mwisho lini? Na mvua zilizopita liliogesha wiki ngapi mfululizo?

Tuache josho. Kuna jambo linaloniudhi zaidi, nalo ni chanjo. Wengi huku kwetu hawajui kwamba ndigana kali ina chanjo, tena ya mara moja tu kwa maisha yote ya ng'ombe. Si ya jana. Ilitengenezwa Muguga, nchini Kenya, kazi iliyoanzia kwenye kituo cha utafiti wa mifugo cha Afrika Mashariki enzi ya Jumuiya ya kwanza, ile iliyovunjika mwaka 1977. Ni mchanganyiko wa aina tatu za vimelea, na mojawapo ina jina la Serengeti, yaani imetokana na nchi yetu wenyewe. Ndama anachomwa sindano mbili kwa mpigo, moja ya vimelea hai na nyingine ya tetrasaiklini ya kudumu muda mrefu. Anaumwa kidogo tu, pengine hata huoni, mwili unajifunza, basi. Ona ajabu: ile ile tetrasaiklini isiyoponyesha mgonjwa, ikitangulia inamkinga mzima.

Wamasai wa kaskazini wanaifahamu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kule ndama walikuwa wanakufa kwa ndigana mpaka nusu yao na zaidi. Baada ya chanjo vifo vikashuka hadi asilimia chache, na wafugaji wakawa wanailipia wenyewe kutoka mfukoni bila kusukumwa na mkuu wa wilaya. Na sikiliza hili: ndama aliyechanjwa alivishwa hereni, na akipelekwa mnadani mwenye hereni alipata bei nzuri kuliko asiye nayo. Hiyo ndiyo hereni yenye maana! Mnunuzi akiiona anajua ng'ombe huyu hafi kwa ndigana. Hereni ya Serikali mnunuzi akiiona anajua nini? Kwamba ng'ombe yumo kwenye kompyuta ya Dodoma.

Tena chanjo hiyo sasa inatengenezwa wapi? Lilongwe, nchini Malawi, kwenye kituo cha Kiafrika cha kupe na magonjwa yao. Sisi wa Ruvuma na Malawi tumetenganishwa na Ziwa Nyasa tu. Wavuvi wa Mbamba Bay wanaziona taa za mitumbwi ya ng'ambo. Chanjo inatengenezwa kwa majirani, inatumika kwa miaka mingi Arusha na Manyara, na mwenye ng'ombe wa Mpitimbi anabaki na kaunta ya duka.

Najua majibu ya wataalamu, kwa sababu nimewauliza. Watasema chanjo hii ni ngumu kuisafirisha. Ni kweli. Inakaa ndani ya mtungi wa naitrojeni ya maji, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Lakini mbegu za kupandishia ng'ombe kwa chupa nazo zinakaa kwenye mitungi hiyo hiyo, na Serikali ina kituo chake cha uhimilishaji Usa River, Arusha, na vituo vya kanda ikiwemo Mbeya. Mtungi wa kubeba mbegu za madume unaweza kufika kijijini, wa kubeba chanjo unashindwaje? Au tunataka ng'ombe wazaliwe wengi ili kupe wapate chakula?

Watasema pia ni ghali. Ndiyo, kwa ndama mmoja ni maelfu mengi ya shilingi, si mia tano. Ila mfugaji huyu huyu anatumia maelfu hayo kwa dawa zisizoponyesha, na mwisho anauza ngozi. Ruzuku ya nusu kama waliyoweka kwenye homa ya mapafu ingeshusha mzigo. Watasema ng'ombe aliyechanjwa anabaki na vimelea mwilini, kupe anaweza kuvichukua na kuvipeleka kwa wasiochanjwa. Hiyo ni hoja ya kweli na isidharauliwe, na ndiyo maana haifai kuchanja kiholela, huyu ndiyo yule hapana. Ichanjwe kata nzima. Na watasema haikingi ndigana baridi, wala maji moyo, wala kukojoa damu. Sawa kabisa. Kwa hiyo josho libaki, ingawa halitahitajika kwa wingi ule ule.

Kikwazo kikubwa cha watu wa Mpitimbi si hivyo vyote. Kimrija kimoja cha chanjo kina dozi kama 40, na kikishayeyushwa lazima kiishe saa chache tu. Mfugaji wa Longido ana ndama 40 kwenye boma moja. Huku kwetu ndama 40 wako kwenye nyumba 40, nyingine ng'ambo ya mto. Kwa hiyo anayetakiwa ni mtu wa kuandikisha, kupanga siku, kuwaita watu na ndama wao mahali pamoja. Hiyo si kazi ya profesa. Ni kazi ya ofisi ya kijiji na bwana mifugo mwenye pikipiki na mafuta. Mkoa huu haufundishwi kushirikiana: Litowa, hapa hapa Songea, ndiko kilikozaliwa Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, wakulima wa vijiji zaidi ya kumi waliojipanga wenyewe miaka ya 1960 kabla TANU haijakifuta mwaka 1969 kwa kuogopa watu wanaojiamulia mambo yao. Ukitaka kujua kwa nini watu wanangoja Serikali iwaamulie hata siku ya kuogesha ng'ombe, anzia hapo.

Fedha? Halmashauri zinakusanya ushuru wa mnada, ushuru wa machinjio na vibali. Maelekezo ya Serikali yenyewe, si ya upinzani, yanasema asilimia 15 ya mapato yatokanayo na mifugo irudi kuendeleza mifugo. Asilimia 15! Si nyingi, lakini ingetosha kuweka dawa joshoni na kujaza mafuta kwenye pikipiki msimu wa mvua. Kila mwaka viongozi wa Wizara wanazisihi halmashauri zitekeleze. Kwanza, mtu hasihiwi kutekeleza agizo. Pili, kama wanaendelea kusihi, basi tunajua wengi hawatekelezi. Ng'ombe anakamuliwa mara mbili, nyumbani maziwa na mnadani ushuru, na kupe naye anakamua mara ya tatu.

Na sisi wa upinzani tusijisafishe. Nimehudhuria mikutano yetu mingi mkoani humu. Tumesema Katiba mpya, tumesema Tume huru, tumewataja mafisadi kwa majina, na vumbi limetimka. Sijasikia hata mara moja mgombea wetu akisimama jukwaani kuuliza habari za josho. Wenzetu wa chama tawala wanapenda kupigwa picha wakikabidhi mitamba kwa vikundi vya akina mama, kamba mkononi na tabasamu pana. Ng'ombe yule akifa Machi mpiga picha amekwisha rudi Dar es Salaam. Hapo ndipo tulipaswa kuwepo sisi.

Mvua za Novemba hazingoji bajeti. Madai ya wenye ng'ombe wa kata hii ni mepesi na hayahitaji maandamano. Ndigana kali iingizwe kwenye kampeni ile ya miaka mitano na ipewe ruzuku kama homa ya mapafu. Hereni ya Serikali iandikwe kwamba mnyama amechanjwa ndigana, siyo namba tu. Josho liwe na dawa na daftari kuanzia wiki ya kwanza ya mvua. Na Halmashauri ya Wilaya ya Songea ibandike kwenye ubao wa matangazo ilikusanya shilingi ngapi kutokana na mifugo mwaka uliopita, na asilimia 15 yake ilikwenda wapi. Diwani anaweza kuliuliza hilo kwenye kikao kijacho cha Baraza la Madiwani. Vikao hivyo ni vya wazi kwa mujibu wa sheria, na yeyote wa Mpitimbi aliyezika ng'ombe mwaka huu ana haki ya kukaa kwenye viti vya nyuma na kulisikia jibu kwa masikio yake.